Kizazi cha Fundi Hemedi

Karima Bilali alikuwa na miaka thelathini na sita, na kwa kumi na mmoja kati ya hiyo alikuwa amechungulia mkojo, damu na kinyesi cha watu wa Kisangani bila kukunja uso. Alifanya kazi katika maabara ya kituo kidogo cha afya huko Kabondo. Wenyewe waliiita labo: chumba kimoja, meza ya vigae, friji inayonguruma, na darubini mbili ambazo moja ilikuwa chongo. Akikutana na mtu sokoni, jina lake lilimponyoka, lakini minyoo yake aliikumbuka.

"Yule pale mwenye kofia," humnong'oneza mumewe, "safura, mwezi wa pili."

Hemedi humkanyaga mguu ili anyamaze.

Hemedi alikuwa fundi seremala, na sifa yake ilikuwa vitanda. Maharusi wengi wa Kabondo na Mangobo walianzia maisha juu ya mbao zake, na vitanda hivyo vilikuwa na heri ya ajabu: mwaka haukwisha bila mtoto kulia chumbani. Wenye midomo mirefu walisema fundi amebariki vitanda vya mji mzima, akasahau cha kwake. Miaka minane ya ndoa, na nyumbani kwao hakukuwa na wa kulia.

Karima alikuwa amepimwa damu, akapimwa tena, akanywa vidonge, akaviacha. Kila daktari alimuuliza swali lilelile: na mume? Mume alikuwa na kitanda cha kumaliza. Ikawa desturi. Karima akitaja kupimwa, palepale hutokea bwana harusi wa haraka mwenye haja ya kitanda cha futi sita.

Mama yake Hemedi, Mama Binti, alikuwa mjane wa miaka sitini na tisa aliyezaa watoto tisa, na wa tisa alimzaa ndani ya mtumbwi akitoka Isangi, jambo alilolisimulia kila sikukuu kama vile nahodha anavyosimulia vita. Alimpenda Karima kweli, ila kwa mapenzi ya mtu anayetazama saa. Na huko Isangi alikuwa na binti wa ndugu zake ambaye siku hizi alimtaja mara nyingi mno: jinsi anavyopika, jinsi anavyoswali, jinsi nyonga zake zilivyo pana.

Jumatatu moja Mama Binti aliingia bila kubisha hodi.

"Karima, uvae. Tunaenda Mangobo. Iko mutu kule anaitwa Maître Émile. Anapima kizazi na mate."

"Na mate, Mama?"

"Mate. Josée wa jirani alitema mara mbili, leo iko na tumbo kama ngoma. Wewe unapima mavi ya watu kila siku, utashindwa kutema mate?"

Karima alivaa, wakapanda toleka mbili, zile baiskeli za kubeba watu, wakaenda.

Maître Émile alikuwa na koti jeupe, ukuta wenye vyeti vilivyotiwa fremu, na mezani Biblia na Kurani zikiwa bega kwa bega, ili mteja yeyote asijione yatima. Wanawake saba walikuwa kwenye benchi nje ya pazia. Alimpa Karima kikombe cha kioo, akamwambia ateme. Juu ya mate akamimina maji meupe yaliyofifia, akayaita mayi ya malaika. Halafu, bila kukawia, akachukua kichupa cha kahawia na kudondosha matone mawili.

Kikombe kizima kikawa cheusi kama wino.

"Bon," akasema Maître kwa huzuni ya mtu aliyezoea. "Kizazi kimefungwa. Kufuli tatu."

Mama Binti alianza kulia. Karima hakulia. Pua yake ilikuwa imenasa harufu. Ile harufu ya kichupa cha kahawia alikuwa akiivuta kila asubuhi ya Mungu, kwa sababu ndiyo dawa ya iodini waliyodondoshea kinyesi kule labo ili waone vizuri vijidudu. Akatazama yale maji ya malaika. Yalikuwa na utando mwembamba juu, kama maji ya fufu, ule ugali wa muhogo, yaliyoachwa yapoe.

Walitoka na chupa tatu za dawa chungu na amri ya kurudi baada ya siku kumi kwa ajili ya "maombi ya kufungua."

Kesho yake asubuhi Karima alifunga mlango wa labo na kumweleza mwenzake wa kazi, Micheline, mwanamke mnene wa miaka hamsini mwenye watoto watano na kicheko cha kuangusha chupa. Walichemsha unga wa muhogo kidogo katika maji mengi, wakapata mayi ya malaika.

"Tema," Karima akamwambia.

Micheline akatema. Maji, tone la iodini: nyeusi tii.

"Pole, mama wa watoto watano. Kufuli tatu."

Micheline alicheka mpaka akashika meza. Kisha wakarudia, ila safari hii waliacha mate na maji ya muhogo vikae pamoja dakika kumi kabla ya kudondosha. Hakuna kilichogeuka. Kikombe kilibaki na rangi ya chai nyepesi.

Wote wawili walilijua jambo hilo tangu shuleni. Mate si maji matupu. Yana vimeng'enya, ambavyo wao kazini waliviita kwa Kifaransa enzyme, na kimojawapo kazi yake ni kukatakata wanga. Iodini ikikutana na wanga huwa nyeusi. Mate yakipewa nafasi ya kuula wanga wote, iodini haikuti kitu. Basi Maître Émile hakuhitaji malaika wala shetani, alihitaji saa tu. Siku ya kwanza anadondosha upesi, kizazi kinafungwa. Siku ya pili anaomba dua ndefu huku mate yanakula muhogo taratibu, kizazi kinafunguka. Ambaye Mungu amempangia mimba, kama Josée, anakuwa ushahidi. Asiyepata anarudi kwa chupa nyingine.

"Umwambie mama mukwe yako," akasema Micheline.

Karima alimwambia jioni ileile. Mama Binti alimsikiliza huku anachambua pondu, yale majani ya muhogo, kisha akasema, "Watu wa labo muko na wivu. Yeye anaona kwa dakika moja, ninyi mumetazama miaka nane."

Hapo ndipo Karima alipoamua kufanya ukorofi.

Siku ya kumi, kabla ya kwenda kazini, alimpelekea Hemedi kichupa chenye kifuniko pale kwenye karakana.

"Tema humu."

"Ya nini?"

"Unanipenda?"

Hemedi akatazama kulia na kushoto, akatema. Karima akamwambia ajaze hadi mstari. Kule labo aliyatia mate ya mumewe kwenye neli ya kioo ya maabara na kuyachemsha juu ya moto mpaka yakatokota, kwa kuwa kimeng'enya kikipikwa kinakufa, hakili wanga tena hata ukikiombea wiki nzima. Akayaacha yapoe, akayarudisha kwenye kichupa. Micheline aliomba ruhusa ya kwenda naye, akakataliwa kwa sababu ya kicheko chake.

Alasiri Karima na Mama Binti walikuwa mbele ya Maître. Benchi lilikuwa limejaa, na pazia lilikuwa wazi kidogo kwa ajili ya joto.

"Maître, dawa yako imenikausha kinywa," Karima akasema kwa sauti ya unyenyekevu. "Donc nimekusanya mate tangu asubuhi, ndiyo haya."

"Vizuri sana. Ndiyo dawa inafanya kazi."

Alichanganya mate na maji ya malaika, akafumba macho, akaanza kuomba. Aliomba kwa Kilingala, akaomba kwa Kifaransa, akatia na aya mbili za Kiarabu zilizovunjika miguu, ambazo zilimfanya Mama Binti afumbue jicho moja. Dakika kumi na tano. Jasho lilimtoka.

"Ninaona mulango!" akapaza sauti. "Mulango unafunguka! Kufuli ya kwanza imeanguka! Ya pili! Ya tatu!"

Akadondosha. Nyeusi tii.

Mama Binti akainama juu ya kikombe. "Ni ya ngapi hii haijaanguka?"

Maître akacheka kidogo, akasema kikombe kilikuwa kichafu. Akachukua kingine, mate yaleyale, dua ndefu zaidi. Nyeusi. Akakitazama kile kichupa chake cha kahawia kama rafiki aliyemsaliti. Ndipo akakunja uso, akamwelekea Mama Binti na kumpa kisogo Karima.

"Mama, nitakuambia ukweli. Kizazi hiki kina ukaidi. Mwanamuke huyu alifanya mambo wakati wa usichana wake. Mate haidanganyi."

Karima alihisi moto masikioni. Alikuwa amekuja kucheza, na sasa akaona jinsi neno kama hilo linavyoweza kutoka chumbani humu, likapanda toleka, likafika nyumbani kabla yake.

"Maître," akasema polepole, "una hakika ni kizazi cha mwenye mate haya?"

"Ninakiona kama ninavyokuona wewe."

"Kimefungwa?"

"Kabisa."

"Bon. Mate haya ni ya bwana yangu, Hemedi."

Mama Binti alimtazama Karima, akatazama kikombe, akamtazama Maître.

"Hemedi yangu? Nilimuzaa mimi mwenyewe, nilimuosha. Kizazi alikitolea wapi?"

Maître Émile hakuwa mtu wa kuanguka kwa kofi moja. "Muke na bwana ni mwili moja," akasema. "Mate yao inachanganyika."

Na Mama Binti, masikini, akaanza kutikisa kichwa kukubali. Karima akaona samaki anarudi mtoni. Akashika kikombe safi.

"Mama, tema wewe."

"Mimi?"

"Umezaa tisa. Tutaona mulango wa watu tisa unafanana namna gani."

Mama Binti akatema kwa heshima zote. Karima akamimina maji ya malaika, na kabla Maître hajanyoosha mkono akawa ameshadondosha. Nyeusi.

"Kwa miaka yake kimejifunga," akasema Maître haraka.

"Alors wewe," akasema Karima.

"Mimi ni mwanaume!"

"Hata Hemedi."

Wanawake wa benchi sasa walikuwa wamesimama wote mlangoni, pazia likiwa begani mwa mmoja wao kama kitenge. Maître akasema anafunga, ana mgonjwa wa kumtembelea. Lakini Mama Binti alikuwa kati yake na mlango, na mtu aliyezaa ndani ya mtumbwi hasogezwi kirahisi. Akamwekea kikombe mkononi.

"Tema, mutoto yangu."

Alitema. Maji, tone. Nyeusi kuliko zote, maana kwa haraka hiyo Karima alidondosha matatu.

Mama Binti alikiinua kikombe kile kwenye mwanga. Kisha akamshika Maître bega.

"Pole sana," akasema. "Na wewe hautazaa."

Kicheko kilichopigwa Mangobo siku ile kilisimamisha baiskeli barabarani. Karima aliwaeleza wanawake kwa maneno machache: mate yanakula muhogo, tofauti ni kusubiri tu. Akamwomba Mama Binti ateme mara ya pili, wakasubiri, na wakati wa kusubiri mmoja wao akaimba wimbo wa harusi. Tone likadondoka. Rangi ya chai nyepesi.

"Mama! Kimefunguka!" akapiga kelele mmoja. "Kwa umri wako huu!"

"Astaghfirullah!" Mama Binti akaruka nyuma, akishika tumbo.

Walipogeuka kumtafuta Maître Émile, mlango wa uani ulikuwa wazi na koti jeupe lilikuwa sakafuni.

Wakati wanatoka, mwanamke mwembamba aliyeitwa Benie alimshika Karima mkono. Yeye hakuwa amecheka. "Mimi wiki iliyopita kikombe yangu haikuwa nyeusi," akasema. "Nilimuambia bwana yangu. Tulifurahi sana. Donc ilikuwa mate tu?"

Karima, aliyekuwa na jibu kwa kila kitu tangu saa nane, aliushika mkono ule kwa mikono miwili. Alimwambia aje labo Alhamisi ijayo, na aje na mumewe. Lakini macho ya Benie alirudi nayo mpaka Kabondo.

Nyumbani Hemedi alikuwa ameshasikia. Mji ule habari haihitaji redio. Tayari kijana wa duka la misumari alikuwa amempongeza kwa kizazi chake.

"Umenifanya kichekesho," akasema, ingawa pembe za mdomo wake zilikuwa zinamponyoka.

"Nimekufanya tangu asubuhi. Wewe umenifanya miaka nane."

Hapo pembe za mdomo zikatulia. Karima alikuwa hajapanga kusema vile. Alikaa juu ya ubao ambao haujapigwa randa, akasema yaliyobaki bila kelele: sindano, vidonge, ile baridi ya meza ya daktari, na jina la binti wa Isangi kila Ijumaa kama kiungo cha chakula. Hemedi aliokota msumari, akauweka, akauokota tena.

"Ninaogopa," akasema mwishowe. "Kama ni mimi, je? Hata vitanda yangu hawatanunua."

Aliyejibu alikuwa Mama Binti, aliyekuwa amesimama nyuma ya mlango akisikiliza, tabia ambayo hakuwahi kuikanusha. "Mimi leo nimeona kizazi cha mwanaume kwa macho yangu mawili," akasema. "Hakuna kitu itanishangaza tena. Kesho utaenda."

Kipimo cha mwanamume kina masharti: kiletwe chini ya saa moja, na kisipoe. Hemedi alitoka nyumbani kwa baiskeli, chupa ikiwa kwapani ndani ya shati, mkono mmoja tu ukishika usukani. Njiani alisimamishwa na mteja aliyetaka kujadili kitanda chenye droo. Alijadili droo zote nne akiwa amebana mkono kama kuku aliyevunjika bawa, mteja akamwuliza kama ameumia, akasema amelalia vibaya.

Karima hakutaka kupima vya mumewe, akamwachia Micheline. Maji ya mwanamume yakitoka huwa mazito, na baada ya nusu saa vimeng'enya vyake vyenyewe huyalainisha ili mbegu zipate kuogelea. Micheline alisubiri nusu saa. Akasubiri saa nzima. Aliinua kijiti, na maji yakainuka nacho kama uzi.

"Karima," akaita, "bwana yako anatumia kola gani kwenye mbao zake?"

Walicheka, kisha wakaacha kucheka. Mbegu zilikuwamo, si nyingi, lakini zilikuwa zimenata kama nzi kwenye asali. Daktari wa wanawake aliyewaona mjini alisema huenda tezi iliyo chini ya kibofu ina uvimbe wa zamani na haitoi kimeng'enya cha kutosha. Akamwandikia Hemedi dawa za wiki kadhaa. Halafu akampiga Karima picha ya mirija ya uzazi: wa kushoto ulikuwa umeziba, wa kulia ulikuwa wazi. "Donc ninyi wawili mumesaidiana," akasema, na kwa mara ya kwanza Karima na Hemedi walitoka hospitalini wameshikana mikono, kama wezi wawili waliokamatwa pamoja.

Mkutano wa ukoo ulifanyika wiki mbili baada ya Idi. Dada mkubwa wa Hemedi, Florentine kwa jina la shule na Mwajuma kwa jina la nyumbani, ndiye aliyefungua mazungumzo, na yalikuwa juu ya binti wa Isangi. Chumba kilijaa wajomba. Karima alikuwa ameinamisha kichwa juu ya sinia la makemba, zile ndizi kubwa za kukaanga, akijua kila neno linalofuata.

Hemedi alisimama. Mtu aliyekuwa akikimbia jambo hili kwa miaka minane alitoa karatasi ya labo mfukoni, akaifungua, akaisoma kwa sauti, mpaka kwenye muhuri.

"Na mimi nimo," akasema. "Mukileta muke mwingine, mutamuleta alie pamoja na huyu. Mimi sitamuchukua."

Mjomba mmoja akakohoa. Florentine akasema karatasi inaweza kukosea.

"Nyamaza," akasema Mama Binti. "Wewe umezaa wawili tu, na bwana yako hajapimwa."

Hapakuwa na hoja nyingine. Sinia la makemba likazunguka.

Sasa ni mwaka na miezi tangu siku ile. Hemedi alimaliza dawa, na kipimo cha pili kililainika kwa dakika ishirini na tano, habari ambayo Micheline aliileta mbio uani kama mtu aliyeshinda uchaguzi. Mtoto hajapatikana. Daktari hakuwaahidi, alisema nafasi ipo, ni nyembamba, waendelee. Wanaendelea, na kwa maelezo ya Karima mwenyewe kwa Micheline, hiyo si adhabu. Kuna miezi analia bafuni, akatoka amenawa uso. Benie alikuja Alhamisi ile na mumewe, akatibiwa ugonjwa wa njia ya uzazi ambao hakuna aliyekuwa amewahi kuutafuta, na sasa huja kusalimia tu.

Ama Mama Binti, amepata kazi asiyolipwa. Juzi Jumanne, Karima akiwa kwenye darubini, mlango ulifunguliwa bila hodi. Mama mkwe wake aliingia akivuta kijana mwenye mabega mapana kwa mkono wa shati. Nyuma yao alikuwa Chancelle, mke wa kijana huyo, amefunika mdomo na kitenge, na haikujulikana kama analia au anacheka.

"Huyu anasema anataka kurudisha bibi yake kwa wazazi kwa sababu hazai," akasema Mama Binti. Akavuta kiti, akaketi, akafungua vifungo vya viatu kama mtu mwenye muda. "Mumupe chupa."